Herufi Nyeusi Juu ya Nyeusi

Bunia, tarehe 19 Agosti 2024

Anaclet wangu,

Padiri ameniambia kwamba nikikosa mtu wa kumwambia mambo ya jioni, nikuandikie wewe. Basi nakuandikia. Chumvi imekwisha. Kuku wa jirani ameingia tena jikoni. Mvua imeanza, na barabara yetu ya Nyakasanza imekuwa uji mwekundu. Leo nimefika sokoni na samaki wangu wa Tchomia kichwani na kiatu kimoja mkononi.

Jana mama yako hakwenda misa. Tangu tulipokuzika, mwezi wa sita, hajarudi kanisani. Nilimwandikia kwenye kile kibao chake cha shule: "Mama, twende." Unajua hajui sauti yake inafika wapi. Alijibu, na nadhani hata mtaa wa Mbunya walisikia:

"Niende kufanya nini? Kutazama tele nyeusi? Nikae kama nguzo, watu wananionyesha midomo tu?"

Tangu masikio yake yafe, mahali pekee alipoimba na watu ni mbele ya ile tele, televisheni uliyoiweka karibu na benchi lake, na ordinatere, kompyuta yako ya zamani, ikimletea maneno ya wimbo kwa herufi kubwa nyeupe. Korale, kwaya yetu, inaimba, yeye anasoma, na mdomo wake unakwenda pamoja na midomo ya wengine. Lakini tangu misa ya maziko yako, ordinatere inawaka na kunguruma kama kawaida, na tele ni nyeusi. Wameizima na kuiwasha mara nyingi. Nyeusi.

25 Agosti

Mvua mchana kutwa. Samaki hawakukauka.

1 Septemba

Ndugu zako wamepiga simu kutoka Butembo. Tutaondoa matanga siku ya posho, Jumamosi ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuombea marehemu wote.

Unajua desturi ya kwenu. Wimbo wa mwisho wa misa ukiisha, mama wa marehemu anamshika mjane mkono, wanatoka pamoja, na mlangoni pa kanisa anamvua kitambaa cheusi. Haifanywi na mtu mwingine akiwa yeye yu hai. Haifanywi nyumbani. Na asiyeimba misa ile hamvui mtu.

Nilimwandikia mama hayo yote, kibao kikajaa mpaka pembeni. Alisoma, akafuta kwa kiganja.

"Nitakungojea hapa nyumbani."

Nikaandika: "Nyumbani haifai, Mama."

"Basi uvae tu, Musoki. Nyeusi haionyeshi uchafu."

Alicheka, nami nikacheka kidogo. Kisha akageukia ukuta, na nikaona mabega yake.

Jambo lingine. Baada ya misa, Kamate wa korale alinisimamisha mlangoni.

"Mama Osée," akasema, "ile mashine ya marehemu tutaitoa. Korale inachanga kwa ajili ya projecteur, ya kuonyesha maneno kwa ukuta."

"Mtaipeleka wapi?"

"Yannick atachukua vipande. Si fundi? Atajua."

Alisema hayo akitazama viatu vyake. Mtu aliyekula ugali mezani kwangu miaka yote, Anaclet, anashindwa kunitazama usoni anapotupa kitu chako. Nimerudi nyumbani na hasira mpaka nikaunguza mboga ya sombe.

9 Septemba

Jirani amemfunga kuku wake mguu. Aksanti kwa Mungu.

15 Septemba

Wameazima projecteur na kuijaribu kwenye misa. Nilimbembeleza mama yako aje aone tu. Alivaa kitenge kizuri, akakaa benchi la mbele.

Jua lilikuwa linaingia madirishani, na ukuta ukabaki mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Maneno yalikuwapo, madogo, yamepauka. Mama alikunja macho. Kisha, katika kile kimya kinachofuata Injili, akasema kwa sauti yake ile:

"Hizi ni sisimizi! Nani alimwaga sukari?"

Kanisa lote lilicheka. Padiri alijifanya kukohoa. Lakini mama hakuwa anatania. Alinyanyuka, akatoka, nami nikamfuata.

Nilikumbuka siku ya kwanza ya tele yako, masikio yake yalipokuwa bado yanasikia kidogo. Ulimketisha pale pale. Mashine ilikuwa inaandika herufi themanini kwa mstari, naye akasema neno lile lile: sisimizi. Ukaandika WIDTH 40, kwamba mstari ubebe herufi arobaini tu, nene. Papo hapo kila kitu kikafutika kwenye tele. Mama aliruka.

"Nimeiharibu!"

"Hapana, Mama," ukamwambia. "Inafagia kwanza, halafu inaandika kubwa."

Akakaa na mkoba kifuani mpaka maneno yaliporudi, makubwa kama maharagwe. Kisha ukaanza ile kazi ya kukata nyimbo zote upya, ili mstari usipite herufi arobaini na neno lisivunjike katikati. Ulikuwa ukihesabu kwa vidole hata tukila.

23 Septemba

Mwanetu Osée amepiga simu kutoka Kisangani. Ameuliza habari za bibi yake kabla ya zangu. Tumemlea vizuri.

3 Oktoba

Yannick ameitazama ordinatere, nami nimesimama nyuma yake. Amefungua mfuniko, amepuliza vumbi, amegusa huku na huku.

"Mama, moyo wake unapiga," akasema. "Umeme unapita, diski inazunguka. Lakini haisemi."

"Ugonjwa gani huo?"

"Ya zamani hii. Siye tulisoma zile za kisasa." Akainua mabega. "Watu wanasema ilimfuata mwenyewe."

Kamate alikuwa karibu, anapanga vitabu vya nyimbo. Niliona mkono wake umesimama.

Yannick atakuja kuichukua posho ya tarehe 26. Nikamwambia mama yako kibaoni. Alisema, "Sawa." Neno hilo tu. Hajaniuliza tena habari za matanga, na mimi ninazidi kuona kwamba tarehe 2 nitatoka kanisani na kitambaa changu kichwani, kama nilivyoingia.

12 Oktoba

Anaclet, sikiliza hili.

Leo ilikuwa zamu ya kina mama kusafisha kanisa. Nilikuwa napangusa tele, nikauvuta bila kutaka waya wake unaotoka kwenye ordinatere. Tele ikaanza kuvuma na kuonyesha ule mchele mweupe unaorukaruka. Nikaurudisha waya. Nyeusi, shwari. Nikautoa tena: mchele. Nikaurudisha: nyeusi.

Nikakaa chini na kitambaa mkononi. Kama ordinatere ingekuwa imekufa, tele ingeonyesha mchele. Hii haikuwa imekufa. Ilikuwa inatuma kitu, na kitu hicho kilikuwa weusi.

Na weusi ule niliujua. Ni ule wa Ijumaa Kuu! Kila mwaka, msalaba ukishabusiwa, ulibonyeza kitufe cha F10 na maneno yakatoweka mpaka Gloria ya mkesha wa Pasaka. Ulikataa kuweka kitufe cha kuyarudisha. Ulisema giza la Yesu lisivunjwe na kidole cha mtu anayepangusa vumbi. Na kwa kuwa umeme wetu unakatika unavyotaka, uliifundisha mashine ikizimika iwake pale pale ilipoachwa: kama ni wimbo, kwenye wimbo, kama ni giza, kwenye giza.

Kumbe ndiyo maana kuizima hakusaidii. Inafanya ulichoifundisha.

Lakini uliirudishaje usiku wa mkesha? Nilikuwa nimekushikia mshumaa juu ya klavye, ule ubao wa vitufe. Kengele zilikuwa zinalia. Ulibonyeza vitufe viwili pamoja, kisha ukaandika kitu bila kuona herufi hata moja, unacheka. Sikumbuki kitu gani. Nimejaribu mpaka kichwa kinauma.

17 Oktoba

Nimekwenda Mbunya kwa Madame Bénédicte, yule mwalimu wa informatique, somo la kompyuta, uliyefundisha naye. Nilifika nimelowa. Alinipa taulo na chai kabla ya kuniuliza nimefuata nini. Nikamweleza habari ya mchele na Ijumaa Kuu. Aliweka kikombe chini.

"Ile BASIC ya zamani!" akasema. "Mama Osée, weye umenipa kitu cha kufurahi. Marehemu mwenyewe ndiye alinifundisha hiyo." Kisha akanieleza polepole. Katika BASIC, lugha ya kuamuru mashine, ukitoa amri ya rangi, mashine haibadilishi kilichokwisha kuandikwa. Inaanza na herufi inayofuata, na inaendelea na rangi hiyo mpaka mtu aibadilishe. "Ukimwambia aandike nyeusi juu ya nyeusi, ataandika tu. Hatakuuliza kama unaona. Hata ukisimamisha programu, rangi inabaki. Unaandika, hauoni kitu, unafikiri imekufa."

"Na maneno yako wapi?"

"Yako pale pale, mama. Yanaandikwa kila siku ya yenga, kila Jumapili."

Sijui kwa nini neno hilo lilinitoa machozi. Alinipa taulo tena.

Ana mitihani ya wanafunzi. Hatapata nafasi mpaka posho ya 26. Nikasema, ni siku hiyo Yannick anakuja.

"Basi tumtangulie."

20 Oktoba

Mvua ya mawe. Paa limevumilia.

26 Oktoba

Tumefika kanisani asubuhi, Madame Bénédicte na ordinatere yake ya kubeba, mimi na mwavuli. Tumewasha yako. Ikanguruma. Tele nyeusi.

Nikamwonyesha vile vitufe viwili ulivyobonyeza usiku wa mkesha. Akatikisa kichwa. "Ni vya kusimamisha programu." Akabonyeza. Hakuna kilichoonekana, lakini alisema hiyo ni sawa, tuamini. Kisha akaandika COLOR 7 gizani, maana saba ndiyo nyeupe, akagonga kitufe kikubwa. Ordinatere ikatoa mlio mfupi. Tele nyeusi. Akaandika tena. Mlio. Tena. Mlio.

"Inanikataa," akasema. Jasho lilikuwa limemtoka. "Kuna kosa naandika, na kosa lenyewe nalo linaandikwa nyeusi. Silioni."

Hapo ndipo wakaingia Yannick na Kamate, wamebeba gunia la kufungia mashine.

"Mama Osée," Kamate akasema, "munafanya nini humu?"

"Tunamwamsha mgonjwa," nikamjibu, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Kama una haraka ya kumzika, ngoja nje."

Yannick aliangalia dari. Nilitazama mikono ya Madame Bénédicte juu ya klavye, na kitu fulani hakikuwa sawa na mikono yako. Nilifumba macho. Mshumaa, kengele, nta inanidondokea kidoleni. Mkono wako wa kulia unaandika neno. Halafu, kabla ya kumaliza, kidole chako kidogo cha kushoto kinashuka pembeni na kukaa chini, kama mtu anayeziba tundu la filimbi.

"Kidole cha kushoto," nikasema. "Mwishoni alikishikiza chini. Hapa."

Madame Bénédicte alikitazama kile kitufe. Halafu akajipiga paji la uso.

"Mungu wangu! Yangu ni ya Kampala!"

Ordinatere yake, kama zote zinazouzwa siku hizi mjini, imetoka Uganda, na klavye ya Kiingereza inatoa namba ukigusa tu. Yako ni ya Kifaransa: namba haitoki mpaka ushikilie kile kitufe cha kushoto. Alikuwa anaandika herufi yenye mkwaju juu mahali pa saba, na gizani hakuna wa kumwambia.

Akaandika upya. Kidole kikashuka. Akagonga.

Kwenye tele, katikati ya weusi wote ule, likatokea neno moja, jeupe, nene kama maharagwe: Ok.

Yannick alipiga kelele kama timu yake imefunga goli. Mimi nilishika benchi. Madame Bénédicte akaandika RUN ili programu ianze upya, na tele ikawa nyeusi tena.

Sitaandika nilivyojisikia. Lakini yeye alikuwa anacheka.

"Tulia, mama. Sasa tunaijua njia." Akaisimamisha, akaweka nyeupe, akaiambia mashine ituonyeshe maagizo uliyoyaandika. Yakapanda mstari kwa mstari. Akanisomea: kabla ya yote, programu inatazama kama diskini kuna faili linaloitwa GIZA. Likiwapo, kila kitu kinaandikwa kwa nyeusi. F10 ndiyo inayoliumba. Ulikuwa ukilifuta kwa mkono wakati wa Gloria.

Chini kidogo kulikuwa na mstari wa pembeni, ambao mashine inauruka na ni binadamu tu anayeusoma: "Mama anasomea hapa. Usipunguze herufi."

"Hatupunguzi," Madame Bénédicte akakujibu, kwa sauti, kama umesimama pale.

Kabla hajafuta GIZA, Kamate alikuja akasimama mbele yetu. Safari hii alinitazama.

"Ni miye nilibonyeza," akasema. "Siku ya maziko. Sanduku lilipoingia, niliona tele inawaka maneno ya wimbo wa furaha, ya yenga iliyopita. Nikaona ni aibu. Nikakumbuka ile bouton yake ya Ijumaa Kuu. Nilitaka kumheshimu, Mama Osée. Nilifikiri kesho yake itarudi yenyewe. Haikurudi. Watu wakaanza kusema ilimfuata mwenyewe, na miye nikafikiri, basi nimeua kitu cha mwisho alichotuachia. Nilishindwa kuiona kila yenga. Ndiyo maana nilitaka itoke."

"Na usiku wa mkesha hukuona jinsi alivyoirudisha?"

"Nilikuwa naongoza Gloria. Mgongo ulikuwa kwenu."

Anaclet, miezi yote hii nilimchukia mtu aliyefunika tele kwa ajili yako, kama watu wanavyofunika kioo nyumbani kwa msiba. Nilimwambia, "Papa Kamate, keti." Akaketi. Yannick akaketi juu ya gunia lake.

Madame Bénédicte akafuta GIZA, akaandika RUN. Tele ikafagia kwanza, unavyojua. Kisha zikatokea nyimbo zako, mistari mifupi, hakuna neno lililovunjika.

27 Oktoba

Nimemwandikia mama: "Tele imepona." Amesema, "Nitaamini nikiiona." Bado hataki kutoka, mvua, miguu, tutaona.

2 Novemba

Asubuhi nilimkuta mama amekwisha kuoga, amevaa, amekaa kitandani na mkoba kifuani.

"Kama ni sisimizi," akasema, "narudia mlangoni."

Kamate mwenyewe alikuja kutuchukua kwa gari la mtu. Alimshika mama mkono mpaka benchini. Tele ilikuwa bado haijaandikwa kitu, na nilimwona mama anaanza kuinuka. Nikaweka mkono juu ya goti lake. Madame Bénédicte, aliyekaa mahali pako, akagusa kitufe.

Mistari ikaja, myeupe. Mama alitoa miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akaanza kuimba.

Aliimba vibaya, Anaclet. Alitangulia korale kwa maneno mawili, kwa kuwa macho yake yana haraka kuliko masikio ya wengine. Alipofika mwisho wa ukurasa aliwangojea watu kama mtu aliyefika kisimani kwanza. Kamate aliongoza huku amegeuka nusu, anamtazama yeye, na mwishoni korale nzima ikaacha mwendo wake ikafuata wa mama. Padiri alitabasamu ndani ya kitabu chake.

Umeme ulikatika wakati wa sadaka. Kanisa lilivuta pumzi. Yannick alikimbia kuwasha jenereta nje, ordinatere ikanguruma, ikafikiri, na wimbo ukarudi kwenye ubeti ule ule tuliokuwa tunauimba. Mama hakushtuka hata kidogo. "Amefundishwa," akaniambia, na watu wote wakasikia.

Wimbo wa mwisho ulipoisha, alinishika mkono. Mkono wake ni mkavu na mdogo, una nguvu. Tulipita katikati ya watu. Mlangoni mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Akakifungua kitambaa changu kwa vidole vyake, polepole, maana nilikuwa nimekifunga sana. Akakikunja, akakitia mkobani. Akanitazama kichwa.

"Kumbe una mvi," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikacheka mpaka nikakaa kwenye ngazi yenye maji. Mama akakaa kando yangu. Kamate akatushikia mwavuli na kutuambia tutaugua, na hatukuondoka.

Sasa mama amelala. Kichwa changu bila kitambaa kinapata upepo, nauhisi kila ninapogeuka. Hasira imeniisha. Hofu ya siku hii imeniisha. Uliyoyaandika yamebaki, na Madame Bénédicte anasema atamfundisha Kamate kukata mistari ya nyimbo mpya, asipite arobaini. Amekwisha kuanza kuhesabu kwa vidole. Nilimwona mezani.

Kesho chumvi, na samaki, na kuku wa jirani amekata kamba.

Anaclet, huko uliko, unikumbuke mimi Musoki.